Moto wa Kuazima

Nguvu ni ya nani? Binadamu anapowasha injini akainua tani nyingi za chuma, watu na mizigo yao mpaka juu ya mawingu, je, nguvu hiyo ameiumba, ameipora, au amepewa? Swali hili lilianza kunisumbua nikiwa fundi wa injini za ndege Dar es Salaam, na nimerudi nalo hapa Maruku, karibu na Bukoba, ambako siku hizi napalilia migomba na mibuni, na Jumapili naketi na wazee wenzangu wa kanisa.

Majibu ninayoyasikia ni mawili. La kwanza linatoka mimbarani: kwamba mashine hizi ni kiburi, ni Babeli iliyoota mabawa, na kila inapoanguka moja watu wanakumbushwa mipaka yao. La pili nalisikia kwa vijana waliosoma, wakiwemo wa nyumbani kwangu: kwamba binadamu sasa anajitosheleza, nguvu ameikamata kwa akili yake, na habari za Muumba ziliwafaa watu walioogopa radi. Nimeyapima majibu haya kwa muda mrefu na nimeyaona yana kasoro ileile. Yote yanachukulia kwamba nguvu iliyomo ndani ya injini ni mali ya mwenye injini. Moja linamlaumu kwa kuwa nayo, jingine linampongeza. Mimi injini nimeifungua, nimeimulika ndani kwa kurunzi, na sikuona mahali ambapo mtu anaweza kuweka mkono akasema: hii nguvu imeanzia kwangu.

Nianze na mafuta. Yale yanayochomwa na injini za turbaini, ambayo sisi mafundi tunayaita Jet A-1, ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa tuliyokuwa tukitia kwenye koroboi. Yamesafishwa kwa uangalifu zaidi, na hayagandi mpaka baridi ifike nyuzi 47 chini ya sifuri, lakini asili yao ni moja. Kilo moja ya mafuta hayo ina joto la megajuli 43 hivi. Kama ungeweza kuligeuza joto hilo lote kuwa kazi bila kupoteza chembe, lingetosha kuinua mzigo wa tani moja zaidi ya kilomita 4 kwenda juu. Lakini ukiyatazama kwenye ndoo hayana dalili yoyote ya ukuu huo. Yananuka, yanalowesha kitambaa, yanatulia.

Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, nguvu ya ndege iko kwenye mafuta au kwenye injini?" Nikamwambia amesahau mwenye sehemu kubwa kuliko wote, nayo ni hewa. Ili kilo moja ya mafuta iungue sawasawa, inahitaji kilo 15 hivi za hewa. Mafuta peke yake hayana joto la kumpa mtu. Joto linazaliwa pale mafuta yanapokutana na oksijeni. Shirika la ndege linanunua mafuta, linayapima, linayalipia kodi, linayapakia kwenye mabawa. Hewa halinunui na wala haliibebi. Ndege inaikuta njiani, mbele ya pua yake, imekwisha kuwekwa huko na mwingine. Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye moto wenyewe, sehemu kubwa ya kile kinachoungua ni kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukitengeneza wala kukitolea risiti.

Injini niliyoijua kwa vidole vyangu ni Dart ya Rolls-Royce, iliyosukuma ndege za Fokker Friendship. Watanzania wa rika langu watazikumbuka kwa mlio wake mkali kama filimbi, uliotangulia kufika kabla ndege yenyewe haijaonekana. Ndani ya Dart kuna kompresa, yaani magurudumu mawili ya kukandamiza hewa, yanayozunguka mara 15,000 kwa dakika. Yanaivuta hewa, yanaisukuma nje kwa nguvu ya mzunguko, na kuibana mpaka shinikizo lake liwe zaidi ya mara tano ya lile la kawaida. Hewa ikibanwa hivyo inapata joto hata kabla ya kuona moto. Kisha inaingia kwenye makopo saba ya mwako yaliyopangwa kuizunguka injini, na ndani ya kila kopo nozeli moja inapuliza mafuta yakiwa ukungu mwembamba.

Hapo ndipo penye mambo matatu yaliyonifanya niitazame kazi yangu kwa macho mengine. La kwanza ni kwamba moto wa mafuta ya taa ni mzito wa miguu. Ukiachwa katika hewa ya kawaida unasogea mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Lakini hewa inayotoka kwenye kompresa inaweza kuwa na kasi ya mita 150 kwa sekunde, kasi ambayo hakuna dhoruba ya Ziwa Viktoria iliyowahi kuifikia. Kwa mantiki ya kawaida moto huo ungezimika mara moja. Hauzimiki kwa sababu waliobuni kopo waliipunguza hewa kasi, wakaizungusha kwa mapezi madogo ili ifanye kimbunga, na katikati ya kimbunga hicho hewa ya moto inarudi nyuma kuwasha mafuta mapya yanayoingia. Plagi inatoa cheche mwanzoni tu. Baada ya hapo moto unajiwasha kwa moto, safari nzima.

Jambo la pili ni joto. Kwenye kiini cha mwako joto linakaribia nyuzi 2,000, na chuma cha nikeli kilichotengenezea kopo na mapanga ya turbaini kingeyeyuka kabla ya kufika hapo. Injini inaishi kwa kuwa sehemu ndogo tu ya hewa, kama moja ya tano, ndiyo inayoingia kichwani mwa kopo kuungua. Hewa nyingi inayobaki inapita pembeni na kupenya kwenye matundu, ikijenga utando kati ya moto na chuma, kisha inachanganyika na gesi ya moto kuishusha joto kabla haijagusa turbaini. Yaani kazi kubwa ya hewa ndani ya injini ni ulinzi. Nimewahi kushika kopo lililofunguliwa, likiwa na ufa mwembamba kama unywele kwenye ukingo wa tundu, na nikaelewa kwamba moto huu hautusamehi tukidharau kile kinachoutenga nasi.

Jambo la tatu ndilo lililonikamata kabisa. Gesi ya moto inapotanuka inapiga mapanga ya turbaini na kuizungusha. Mtu angedhani nguvu hiyo yote inakwenda kwenye pangaboi kuivuta ndege. Sivyo. Takriban theluthi mbili za nguvu inayotolewa na turbaini zinarudi mbele, kupitia shafti, kuizungusha kompresa ili hewa nyingine iingie. Inayobaki ndiyo inayofika kwenye pangaboi. Ukihesabu kutoka kwenye joto lote la mafuta, ni kama robo mpaka theluthi tu inayokuwa kazi ya kuruka. Nyingine inatoka nyuma ikiwa joto. Injini mpya, kama PW150 zinazosukuma Dash 8 Q400 za Air Tanzania zinazotua Bukoba, zina nguvu za farasi 5,000 hivi kila moja na zinaibana hewa zaidi ya mara 15, lakini sheria ni ileile. Injini isiyorudisha sehemu kubwa ya ilichopata inazimika ndani ya sekunde chache.

Mfaransa kijana, Sadi Carnot, aliiona sheria hii kabla hakujawa na ndege. Baba yake alimpa jina hilo kwa kumpenda mshairi Saadi wa Shiraz, na mimi hufurahi kwamba jina la mwenye hekima wa Uajemi limekaa mlangoni mwa elimu ya moto. Mwaka 1824 Carnot alitoa kitabu kidogo akionyesha kwamba joto halitoi kazi mpaka lipite kutoka penye moto kwenda penye baridi, na waliomfuata wakathibitisha kwamba katika kupita huko lazima sehemu yake iachwe upande wa baridi. Hakuna fundi, hata awe bora kiasi gani, atakayeijenga injini inayoligeuza joto lote kuwa kazi. Kipindupindu kilimuua akiwa na miaka 36, lakini sheria yake imesimama. Maana yake kwangu ni hii: nguvu haiwezi kushikwa. Inakuwepo inapopita tu. Ukiizuia isiende kokote, umebaki na kitu cha moto ambacho hakifanyi kazi yoyote.

Sasa niulize: joto lile lilitoka wapi kabla ya kufika kwenye pipa? Mafuta haya yalianza na viumbe vidogo sana vya baharini vilivyokula mwanga wa jua, vikafa, vikazikwa chini ya matope, vikabanwa na kupikwa na ardhi kwa mamilioni ya miaka. Tunachokichoma juu ya Bukoba ni jua la zamani. Mimi na jirani yangu, maalimu wa madrasa, tulikuwa tumekaa barazani tukitafuna kahawa kama ilivyo desturi yetu Wahaya, nikamweleza habari hii. Akatikisa kichwa kwa furaha, akaniambia kwamba katika sura ya Al-Waqi'a Mwenyezi Mungu anawauliza watu kuhusu moto wanaouwasha: ni wao waliouotesha mti wake, au ni Yeye? Na katika Ya-Sin, akasema, anatajwa kuwa ndiye aliyewatolea watu moto kutoka kwenye mti mbichi. Nikamjibu kwamba Paulo naye aliwauliza Wakorintho wana nini ambacho hawakukipokea. Tukakaa kimya kidogo. Vitabu viwili, swali moja, na mimi nilikuwa nimelikuta kwenye kopo la Dart.

Najua kijana aliyesoma atanijibu. Atasema: hata kama mafuta na hewa hatukuviumba, akili iliyojenga kopo na turbaini ni yetu. Hili ni pingamizi la kweli na nalichukulia kwa uzito. Frank Whittle wa Uingereza aliomba hataza ya injini ya jeti mwaka 1930, wazo lake likapuuzwa na wenye mamlaka, na injini yake ya kwanza ikazunguka mwaka 1937. Hans von Ohain wa Ujerumani, ambaye alifika kwa njia yake, aliona ndege ya injini yake ikiruka Agosti 1939. Sitaki kuwapunguzia watu hawa jasho lao. Lakini tazama walichofanya hasa. Hawakuongeza hata juli moja ya nguvu duniani. Waliuchongea njia moto uliokuwepo tayari, na kila sehemu ya njia hiyo, shinikizo, mzunguko, mpaka wa kuyeyuka kwa nikeli, ilikuwa sheria waliyoikuta. Akili yao ilikuwa utii wa hali ya juu. Aliyewashinda wenzake ni yule aliyesikiliza zaidi namna moto unavyotaka kwenda.

Na hapa Maruku hatupaswi kushangaa, kwa sababu wazee wetu walikuwa wasikilizaji wa moto muda mrefu kabla ya Whittle. Katuruka iko papa hapa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, alifika akawasikiliza wazee, na akachimba pale walipomwelekeza, kwenye eneo takatifu la Kaiija ambalo masimulizi yanaliunganisha na uhunzi. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma ya kale sana, na utafiti wake hapa na pande za Kemondo ulionyesha kwamba watu wa mwambao huu wa ziwa walikuwa wakiyeyusha chuma karibu miaka elfu mbili iliyopita.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo tangu ujana wao, kabla majembe ya dukani hayajaiua, walikubali kuifanya tena mbele ya Schmidt na mwenzake, Donald Avery. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani. Shimo lake walilijaza majani ya bwawani yaliyochomwa yakawa meusi. Kisha wakaingiza mabomba ya udongo mpaka ndani kabisa ya tanuru, na vijana wakakaa kwenye mivukuto wakipuliza kwa zamu. Mwaka 1978 Schmidt na Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mabomba yale, kwa kukaa ndani ya makaa, yaliipasha hewa joto kabla haijafika kwenye mwako, na kwamba joto lilipanda kupita nyuzi 1,800. Wataalamu wengine wamelibishia dai hilo la hewa kupashwa joto, na mjadala ni wao. Mimi ninachokitambua kama fundi ni mpango wenyewe: pata hewa, isukume kwa nguvu, ipeleke mahali hasa panapotakiwa, linda chombo kisiyeyuke pamoja na kilichomo. Mpango huo nilifundishwa darasani kwa lugha ya kigeni, nikiwa nimetoka kwenye kata iliyoujua kwa karne nyingi.

Wazee wale hawakulikaribia tanuru hivihivi. Waliokuwa kazini walijitenga na wake zao. Chini ya tanuru waliweka dawa na vitu vya ibada. Walilitazama tanuru kama mama anayetarajiwa kuzaa, na mwenye kuvunja mwiko aliaminiwa kuiharibu mimba. Mimi ni Mkristo na miiko hiyo siifuati. Lakini sitawacheka. Naona ndani yake ungamo ambalo sisi tumelipoteza: kwamba moto unapozaa chuma, aliyeupuliza si baba peke yake. Walijua ufundi wao kwa undani, na bado walijua kwamba ufundi haumalizi hesabu.

Kuna kisa kingine cha Katuruka kinachonihusu zaidi. Masimulizi yanasema Mfalme Rugomora Mahe wa Kiamtwara, ambaye ikulu yake ilikuwa hapo, aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na mnara ukaanguka. Wahubiri wetu wanakipenda kisa hiki kwa sababu kinafanana na Babeli, na wanakimalizia haraka: msipande juu. Mimi nadhani wanakisoma vibaya. Angalia kwamba Babeli ilijengwa kwa matofali yaliyochomwa, na mnara wa Rugomora kwa chuma kilichoyeyushwa. Yote ni kazi ya moto. Kama moto ungekuwa dhambi, Mungu asingewaagiza makuhani wautunze juu ya madhabahu usizimike, wala asingesema na Musa kutoka kwenye kijiti kinachowaka. Na kama urefu ungekuwa dhambi, asingewaumba ndege. Wajenzi wa Babeli walitaka kujifanyia jina. Mfalme alitaka kufika yeye, kwa jasho la wahunzi wake. Moto ulitolewa kwa wote, wao wakaufanya wa mmoja. Kosa liko hapo.

Sisi tuliokulia vijijini kabla ya kiberiti kuwa rahisi tunajua kuazima moto. Alfajiri unatumwa kwa jirani na kigae, unapewa kaa moja, unarudi nalo ukilipuliza ili lisife njiani. Moto wa jirani haupungui kwa kukupa, wala wako hauwi haramu kwa kuwa uliazimwa. Lakini hukuweza kusimama uani kwako ukajigamba kwamba moto umeanzia kwako, na jirani wa tatu akija na kigae chake hukuwa na haki ya kumnyima. Hivi ndivyo ninavyoiona nguvu yote ya binadamu. Ni ya kuazima, na kuazima kuna adabu yake.

Hapa tena nitabishiwa, na safari hii kwa haki kabisa. Injini haimuulizi rubani dini yake. Inamtii mwizi kama inavyomtii mcha Mungu, na ndege za vita zinachoma mafuta yaleyale yanayombeba mgonjwa kumpeleka hospitali ya Bugando. Ni kweli. Sidai kwamba turbaini inathibitisha kuwepo kwa Mungu, na fundi anayedai hivyo anaibebesha mzigo usio wake. Inachothibitisha ni kidogo zaidi, lakini kwangu kinatosha kuanzia: kwamba nguvu haianzii kwetu na haiishii kwetu. Kwamba inamtii mwovu hakufanyi iwe yake. Jua nalo linawaangazia wema na waovu, Yesu alisema hivyo, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba mwovu ameliumba jua. Imani inaanzia pale mtu anapolitazama jambo hilo na kuuliza: basi niishi vipi?

Kuna siku moja swali hilo liliulizwa kwetu kwa uchungu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam na watu 43 iliangukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba, katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walikufa. Wengine 24 waliokolewa, na waliotangulia kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi alitumia kasia kuupigania mlango ufunguke. Baada ya siku hiyo nilisikia watu wakisema Mungu ametuadhibu, na wengine wakisema Mungu hakuwepo. Sikuweza kusema lolote kati ya hayo, na mpaka leo siwezi. Waliokufa walikuwa ndugu zetu, watu waliokuwa wakirudi nyumbani. Hakuna fundisho linalolipia vifo vyao, nami sitalitafuta. Lakini naweza kusema nilichokiona upande wa pili. Injini mbili zenye maelfu ya nguvu za farasi zilikuwa zimenyamaza majini, na nguvu iliyobaki kuwafaa watu ilikuwa ya mikono iliyokula ndizi na dagaa asubuhi ile. Nayo ni moto uleule, jua lililopita kwenye mgomba na kwenye samaki, ukiungua polepole ndani ya misuli. Kijana yule alikuwa nayo, na akaitoa yote kwa watu asiowajua. Nikiulizwa nguvu ni ya nani, nikiwa Bukoba, najibu: ni ya yule anayeihitaji, na aliye nayo ni mjumbe tu.

Adabu ya kuazima ina madai magumu zaidi ya kusema asante. Kila kilo moja ya mafuta ya ndege inayoungua inatoa kilo 3 na zaidi za kaboni dioksidi. Inazidi uzito wa mafuta yenyewe kwa sababu inabeba oksijeni iliyochukuliwa hewani. Hewa tuliyoikuta tayari tunairudisha imebadilika, na wajukuu wetu wataivuta hivyo. Siamini kwamba tuache kuruka. Mama mwenye mtoto mgonjwa Bukoba hana sababu ya kusafiri siku nzima kwa basi ili dhamiri ya mtu wa Ulaya itulie, wakati sehemu ndogo sana ya moto huu imechomwa na watu wa kwetu. Lakini anayechoma zaidi amekopa zaidi, na mkopo wa namna hii hausamehewi kwa sababu tu mwenye mali hajafika kudai. Wenye viwanda vya ndege wanaotafuta mafuta yasiyoongeza kaboni mpya hewani hawaifanyii dunia hisani. Wanalipa.

Na kwa fundi wa kawaida, adabu hiyo ina sura moja ambayo niliishi nayo. Ukimaliza kazi kwenye injini unaandika kwenye kitabu cha ndege ulichofanya, unaweka sahihi na namba ya leseni yako. Kazi nyeti inakaguliwa na mtu wa pili, naye anasaini. Abiria hatakuona. Hatajua kwamba ulirudi kukaza nati ambayo ungeweza kuiacha. Vijana waliokuja karakana walidhani ni urasimu, na mimi niliwafundisha kuichukua kama kiapo. Sahihi ile inasema: moto huu si wangu, watu hawa si wangu, ila kwa saa hii nimekabidhiwa vyote viwili. Naamini wazee wa tanuru, pamoja na miiko yao, wangeielewa mara moja.

Kwa hiyo sikubaliani na mhubiri anayewaogopesha watoto wasisome injini, wala na msomi anayewaambia kwamba wakishaisoma hawatakuwa na wa kumshukuru. Wote wawili wanamnyima mtoto wa Maruku urithi wake. Ningependa walimu wetu wa shule za msingi wachukue siku moja, wawapeleke watoto Katuruka asubuhi wakaone mahali chuma kilipozaliwa, na alasiri wawapeleke uwanja wa ndege Bukoba wakasimame nje ya uzio Q400 inapowasha injini. Wawaeleze makopo, kompresa na turbaini kwa Kiswahili chepesi, bila kuruka hesabu. Wawaambie theluthi mbili zinarudi. Kisha wawaulize swali hili la nguvu ni ya nani, na wawaache wabishane njia nzima ya kurudi nyumbani, Waislamu, Wakristo na wasio na uhakika. Taifa linalotaka marubani na mafundi wake lenyewe linahitaji watoto wenye uwezo wa kubishana juu ya jambo hilo mapema, kabla hatujawakabidhi funguo.